Skripti Iliyomwamkia Mwalimu

Ukikutana na Mwalimu asubuhi, kabla hajawasha kompyuta yake, uliambulia mkono. Aliuinua hadi usawa wa bega, akaushusha, akaendelea kupunguza majani ya migomba nyuma ya nyumba. "Shikamoo, Mwalimu" yako ilivuka ua ikabaki hukohuko. Watoto wa Kahororo, mtaa wetu pale Bukoba, walizoea, nao wakawa wanamwinulia mikono wakienda shule. Watu wazima hawakuzoea. Sisi Wahaya tunasamehe mengi, lakini salamu isiyoitikiwa tunalala nayo na kuamka nayo.

"Nshomile huyo," walisema. Kwetu nshomile ni msomi anayejua kwamba amesoma, na anataka nawe ujue. "Anaamkiana na kompyuta kwanza. Sisi binadamu tunafuata."

Walisema kwa utani, nami nikacheka pamoja nao. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba walikuwa wanasema kweli tupu, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Kazi hiyo ilishafanywa msibani kwa kipaza sauti, na ilifanywa vizuri. Mimi nataka kumweleza alivyokuwa, maana pale msibani alielezwa mtu mwema mno ambaye sikumfahamu. Mwalimu niliyemfahamu mimi alikuwa mkali, bahili wa sifa, na alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa hadi kifungo cha juu hata jua liwe kali vipi. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, kisha usharika wetu wa Kilutheri ukamwomba afundishe kompyuta kwenye chumba kilicho nyuma ya ukumbi. Hapo ndipo nilipomkuta, nikiwa mama wa watoto wawili, nikitafuta ujuzi wa kunitoa kwenye kuuza nyanya.

Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kalamu na kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Ndani ya jani mlikuwa na akamwani, zile buni za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa atafune kabla ya maneno mengine. Mwalimu alitafuna akamwani wakati kompyuta imegoma. Ukifaulu kuigomboa, hakusema umefanya vizuri. Alifungua jani akakupa buni moja. Mtu angeweza kukaa muhula mzima bila kupewa. Mimi nilipopata ya kwanza sikuitafuna, niliipeleka nyumbani nikamwonyesha mume wangu, naye akauliza kama nimeanza kulipwa kwa kahawa.

Alipenda kutufundisha skripti kuliko kitu kingine chochote. Skripti ni maandishi mafupi tu, mistari ya amri. Unaiandika, unaihifadhi kwenye faili, na siku ukiibofya mara mbili kompyuta inafanya uliyoyaandika, mstari mmoja baada ya mwingine, bila kuongeza wala kupunguza. Hilo la kutoongeza wala kupunguza lilimfurahisha sana. Alisema ndiyo sababu mashine haiwezi kuwa Mhaya.

Tatizo la skripti ni kwamba hukataa kufunguka. Jana ilifanya kazi, leo unaibofya na hakuna kitu, au inatokea dirisha dogo la Kiingereza lenye alama nyekundu. Hapo wanafunzi tulikuwa tunasema, "Mwalimu, kompyuta imeharibika." Neno hilo hakulitaka masikioni mwake.

"Haijaharibika. Imekataa," alisema. "Na mashine haikatai bure. Uliza nini kimebadilika."

Aliwahi kunichukua niende naye mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa, mmoja wa wale wachache waliobaki baada ya ndugu zao kuhamia kwingine. Mwalimu alikuwa amemwandikia skripti ya kupanga majora yake kwa rangi na aina, na sasa ilikuwa imekataa. Mwalimu aliketi, akatafuna, akauliza, "Mzee wangu, nini kimebadilika?"

"Hakuna," mzee alisema.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa. Nimesafisha tu."

Mwalimu aliacha kutafuna. Mzee alikuwa ameona folda zake zimekaa ovyo, akazipa majina mapya mazuri na kuzihamisha upande mwingine. Skripti ilikuwa inaendelea kugonga kwenye nyumba ambayo watu walishahama. Mwalimu aliirekebisha kwa kubadilisha mstari mmoja, tukaletewa chai. Njiani alicheka peke yake mpaka Buhembe, na tangu siku hiyo darasani kwetu "nimesafisha tu" ikawa ndiyo dhambi ya asili. Mtu akija na kompyuta iliyokataa, tulimtazama tukamuuliza kwa pamoja: umesafisha?

Kanuni yake nyingine ilikuwa: soma kwanza, ndipo ubofye. Skripti ya mtu mwingine usiifungue ikafanya kazi kabla hujasoma ndani yake imeandikwa nini, maana huwezi kujua inakwenda kufanya nini. Alinifukuza darasani siku moja kwa kubofya faili ambayo sikuwa nimeisoma. Nilikaa nje kwenye nyasi mpaka kipindi kikaisha, mtu mzima, na wanakwaya wakipita na kuniuliza nimekosa nini.

Na kulikuwa na ya tatu, ambayo alitufundisha kwa sauti ya chini zaidi. Kuna skripti zinazokuuliza swali: dirisha linatokea, unaandika jibu, mashine inaendelea kufuatana na ulichojibu. Wanafunzi tulikuwa tunajibu chochote ili dirisha lipotee. Mwalimu alisema, "Mashine ikikuuliza, jibu kilichopo. Usijibu unachotaka kiwepo. Ukiidanganya haitakugombeza, itakwenda tu na uongo wako mpaka mwisho."

Nilikuja kuona alivyoishi na hilo siku ya ratiba za mazishi. Usharika ulikuwa na skripti yake iliyopanga ratiba: unaandika jina la marehemu, nyimbo, masomo, jina la mchungaji, na karatasi inatoka imepangika. Siku moja skripti ilikatikia njiani, aliyekuwa zamu hakuona, na ratiba zikachapwa zikiwa na jina la marehemu wa wiki iliyotangulia. Familia moja ya Buhembe ikajikuta inamzika baba yao kwa jina la mama wa watu wengine. Aliyekuwa zamu alianza kusema umeme, printa, haraka. Mwalimu alimnyamazisha. Alikwenda mwenyewe msibani, akasimama mbele ya wafiwa, akasema, "Nimekosea mimi, skripti ni yangu." Kisha aliketi chini kwenye majani pamoja na waombolezaji, akakata vipande vya karatasi vyenye jina sahihi na kuvigandisha kimoja kimoja kwa gundi. Alipomaliza, mjane alimletea maji ya kunawa.

Kwa mtu wa namna hiyo, ile tabia ya asubuhi haikueleweka. Tena ilizidi. Kuna siku umeme ulikatika tangu jioni na asubuhi ukawa bado. Mwalimu alikuja darasani, akainua mkono, akachukua chaki. Alifundisha kipindi kizima kwa kuandika ubaoni, bila kutamka neno. Aliandika ANDIKENI, tukaandika. Mtu akiuliza swali, alijibiwa ubaoni. Tulidhani amepoteza sauti, na mama mmoja akaanza kuzungumzia tangawizi. Ghafla taa ikawaka. Mwalimu aliweka chaki chini, akatoka, na kupitia dirishani tukamwona akielekea nyumbani kwake, karibu anakimbia. Alirudi akiwa amefunga vizuri kifungo cha juu.

"Hamjambo wote?" alisema.

Tulicheka mpaka mtu mmoja akateleza kwenye benchi. Mwalimu hakucheka. Alifungua jani lake, akampa akamwani yule mama wa tangawizi, na mpaka leo sijui kwa nini. Wiki ile aliagiza kile kisanduku cha kutunza umeme, akakiunganisha na kompyuta yake ya nyumbani.

Hiyo kompyuta ya nyumbani nayo ilikuwa kichekesho. Mwalimu hakuwa na huruma na mashine za zamani. Alilitangazia baraza la wazee wa kanisa kwamba kompyuta ni jembe, likiisha unanunua jingine, hulifanyii maombi. Aliwalazimisha kutupa zile nzito na kununua mpya. Lakini sebuleni kwake, juu ya meza ya mninga, ilikaa moja yenye skrini ya kichogo, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kibao chake cha herufi kimegeuka rangi ya mahindi makavu. Iliwaka kwa mngurumo, ikachukua muda mrefu kuamka. Niliwahi kumwuliza kwa nini naye asiitupe kama anavyotushauri.

"Ina kazi moja," alisema. "Ikiisha kazi hiyo nitaitupa."

Ukutani, upande wa kichogo cha skrini, palikuwa na picha ya kijana mwenye sare ya shule. Nilijua ni mtoto wao wa pekee, waliyempata ukubwani, na kwamba alifariki kabla sijawafahamu. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, ndiye aliyeniambia hayo, tukimenya ndizi. Mama alimtaja kijana wao kila mara. Alipenda hiki, alikataa kile, senene, wale panzi wa kwetu, alikula hata wakiwa hawajaiva. Mwalimu akiingia jikoni, alisimama kidogo, akasikiliza, akatoka. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina la mtoto.

Baada ya miaka walirudi Muleba, Kishanda, kwenye kibanja chake, shamba la migomba la urithi. Mimi nilibaki Bukoba na steshenari yangu karibu na soko, nikichapa barua za watu na ratiba za mazishi kwa skripti ileile, iliyorekebishwa. Mwalimu alipiga simu mara mojamoja kuniuliza kama bado inafunguka. Siku hizo aliniita Mama Steshenari, na katika jina hilo palikuwa na kipande cha sifa, ingawa angekana. Nilisikia kwa watu kwamba moyo wake umechoka, miguu inavimba, hospitali amekwenda na kurudi. Nilipomwuliza kwenye simu, alisema salama.

Halafu akapiga Mama.

"Waitu, njoo," alisema, kwa neno letu la kumsihi mtu. "Mwalimu hasemi."

"Amezidiwa?"

"Anaumwa, ndiyo, lakini siyo hiyo. Kompyuta imekataa."

Niliziba simu kwa kiganja kwa sababu kicheko kilikuwa kinakuja. Mama aliendelea. "Siku hizi anainua mkono tu, asubuhi mpaka jioni. Chakula anakigusagusa. Mchungaji amekuja, ameinuliwa mkono. Daktari wa zahanati amemwuliza anaumwa wapi, ameinuliwa mkono. Atamtibu vipi mtu asiyesema?" Kicheko kikaisha. Nilifunga duka, nikaweka kwenye mkoba bisibisi, flashi safi na betri ndogo ya mviringo inayotunza saa ya kompyuta, nikaenda Kishanda.

Mama alinipokea jikoni kwanza, akanikalisha kwenye kigoda, na hapo ndipo aliponieleza. Likizo ya mwisho, kijana wao alikuwa amefundishwa skripti na baba yake, kwenye kompyuta hiyohiyo. Siku ya kurudi shule aliandika moja peke yake, akaiweka mahali ambapo mashine ikiwashwa tu inafunguka yenyewe. Alimwambia baba yake: kwa kuwa sitakuwepo asubuhi kukuamkia, hii itakuamkia badala yangu. Kwetu mtoto ndiye anayeanza. Mkubwa anangoja aamkiwe ndipo aitikie. Alikwenda shule. Homa ikamshika hukohuko, na baba yake alipofika, ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

"Tulimzika hapa," Mama alisema, akionyesha kwa kidevu upande wa migomba. "Asubuhi ya kwanza tuliporudi Bukoba, Mwalimu akawasha kompyuta. Ikamwamkia."

Tangu hapo hakuitikia salamu ya mtu yeyote kabla ya hiyo.

Nilikaa na ndizi mkononi ambayo sikuimenya. Nilimwona Mwalimu akikimbia kurudi nyumbani umeme ulipowaka, na sisi tukiteleza kwenye mabenchi kwa kicheko. Niliona aibu, ingawa hakuna aliyekuwa ametuambia. Kisha nikauliza swali la mwanafunzi: ndani ya hiyo skripti mmeandikwa nini?

"Hajawahi kuifungua aisome," Mama alisema.

"Mwalimu? Mwalimu huyu wa soma kwanza?"

"Mganga hajigangi, mwanangu. Anasema akiisoma ataufikia mstari wa mwisho, na mtoto hataandika mwingine." Aliosha kisu. "Inamwuliza amelalaje. Anaandika salama. Inamshukuru, inamtakia kazi njema, inajifunga. Ni hivyo siku zote. Mimi nami namwuliza kila asubuhi, ananijibu hivyohivyo. Salama. Sasa hawezi hata kulala chali, analala ameketi kwenye kiti, na bado ni salama."

Mwalimu alikuwa sebuleni mbele ya mashine, kwenye kiti chenye mito. Alikuwa amekonda usoni na kuvimba miguuni. Shati lilifungwa hadi juu.

"Kasinge, Mwalimu," nilimwamkia kwa Kihaya, nikainama. "Umelalaje?"

Aliinua mkono.

Niliamua kusema kwa sauti kila nilichofanya, kama alivyotuzoesha, ili anisahihishe nikikosea. Saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa. Nikaibadilisha, nikaweka tarehe ya leo, nikawasha upya. Mashine ikanguruma, ikaamka, ikatulia. Hakuna kitu. Faili ya kijana ilikuwepo mahali pake. Nikaibofya. Likatokea dirisha dogo lenye alama nyekundu.

"Mama," niliita. "Nini kimebadilika?"

"Hakuna," Mama alisema kutoka mlangoni. "Vijana wa kwaya walikuja na flashi yenye picha ya marehemu, jirani yetu wa hapo chini, wakitaka Mwalimu awapangie ratiba. Flashi ikawa na virusi. Tukamwita fundi wa Muleba mjini. Hakubadilisha kitu, waitu. Alisafisha tu."

Mdomo wa Mwalimu ulisogea upande mmoja. Nikajua bado yumo.

Fundi hakukosea. Virusi vile vya flashi navyo ni skripti, na njia ya haraka ya kuvizuia ni kuiambia kompyuta isiendeshe skripti yoyote tena. Ndivyo alivyofanya. Alifunga mlango kwa wezi, na mwenye nyumba akabaki nje. Kuufungua ni kazi ndogo. Ila virusi hivyo vina tabia ya kujiandika ndani ya skripti za watu, na kama vilikuwa vimeingia kwenye faili ya kijana, kuifungua kungemaliza kila kitu kilichomo kwenye kompyuta, na faili yenyewe pia.

"Mwalimu," nilisema, "lazima niisome kwanza."

Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima. Alinitazama kama mtu anayeombwa amwachie mgeni mtoto wake. Kisha akachukua fimbo, akainuka kwa shida, akatoka nje kwenye migomba. Mama alimfuata kwa macho tu.

Nikaisoma. Ilikuwa mistari michache. Juu kabisa kijana alikuwa ameandika maelezo ambayo mashine huyaruka, akimwita baba yake kwa Kihaya: Hii ni ya Tata. Mtu mwingine asiguse. Hapo nilicheka, na kucheka kukageuka. Virusi havikuwa vimeigusa. Nilishuka hadi mwisho, nikaona swali, nikaona jibu la salama na shukrani zake, na chini yake nikaona maneno ambayo hayakuwahi kutokea kwenye skrini hiyo hata siku moja. Nilifuta macho kwa kanga, nikafunga faili, nikarudisha ruhusa iliyozimwa, nikatengeneza nakala mbili kwenye flashi yangu. Kisha nikaenda kumwita.

Alikuwa amesimama karibu na kaburi, anatoa jani kavu kwenye mgomba kwa mkono. Nilimwambia, "Iko salama, Mwalimu. Twende uwashe mwenyewe."

Aliketi. Alibonyeza kitufe, na sote watatu tukasikiliza ule mngurumo. Mama alikuwa mlangoni na kisu cha ndizi mkononi. Ilichukua muda wake wa siku zote. Kisha dirisha likatokea katikati ya skrini.

Kasinge, Tata. Umelalaje? Andika salama au vibaya.

Mwalimu alivuta pumzi, akaitoa. Mabega yake yalishuka. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye herufi ya S, nami nikaona mguu wake uliovimba ndani ya kandambili, na mito ya kiti alichokuwa akilalia, na sikuweza kunyamaza.

"Mwalimu," nilisema, "mashine ikikuuliza, jibu kilichopo."

Kidole kilisimama hewani. Nilifikiri atanifukuza kama siku ile ya nyasi, na angenifukuza ningekwenda. Hakunitazama. Alitazama swali. Halafu akaanza kuandika kwa kidole kimoja, yeye aliyetufundisha kuandika kwa vyote kumi, herufi moja, nyingine. Vibaya. Akabonyeza Enta.

Pole, Tata. Leo usiende kazini. Kaa hapohapo, nakuja nikae nawe.

Alisoma. Alisogeza uso karibu na skrini, akasoma tena, midomo ikitembea. Dirisha lile lilikuwa linangoja abonyeze sawa ili lijifunge, na hakubonyeza.

"Hii ilikuwamo siku zote?" aliniuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika.

"Ilikuwamo, Mwalimu."

Kisha akasema, taratibu, kama anasahihisha hesabu yake mwenyewe ubaoni, "Kumbe alikuwa ananiuliza kweli."

"Hata mimi," Mama alisema kutoka mlangoni. "Hata mimi nauliza kweli, kila siku."

Mwalimu alishika ukingo wa meza, akakigeuza kiti kidogo kidogo, miguu ikimsumbua, mpaka akaipa kompyuta mgongo na kumwelekea mkewe.

"Basi niulize," alisema.